Heinrich Barkhausen na Miluzi ya Angani

Heinrich Barkhausen alizaliwa mjini Bremen, Ujerumani, tarehe 2 Disemba 1881. Mnamo mwaka 1911 aliteuliwa kuwa profesa mjini Dresden, ambako alifundisha taaluma ya mawasiliano ya umeme. Aghalabu msomi huyu hukumbukwa kwa ugunduzi wake kuhusu sumaku. Makala haya yanaangazia jambo jingine: sauti aliyoisikia asiweze kuieleza.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitumia vikuza sauti kunasa mazungumzo ya simu ya adui kupitia nyaya zilizochomekwa ardhini. Mara nyingine mazungumzo hayo yalifunikwa na miluzi iliyoanza kwa sauti nyembamba ikashuka hadi nzito. Askari walidhani wanasikia makombora yakipaa. Barkhausen hakulipuuza jambo hilo. Alilichapisha mwaka 1919, akalirejelea mwaka 1930, na bado hakupata jibu la kumtosheleza.

Jibu lilikuja mwaka 1953 kupitia utafiti wa L. R. O. Storey wa Cambridge, Uingereza. Chanzo cha miluzi kilikuwa radi. Radi ipigapo hutoa mawimbi ya redio, na baadhi yake hupanda mbali angani yakifuata uga wa sumaku wa Dunia hadi upande wa pili wa ikweta. Yenye mitetemo mingi hutangulia, yenye mitetemo michache huchelewa. Ndiposa mluzi hushuka.

Je, mbona mawimbi hayo hayatawanyiki njiani? Watafiti waliofuata walibainisha kwamba plazima, yaani gesi ya chembe zenye umeme, haikuenea sawasawa katika anga hiyo. Kuna mapito yanayofuata uga wa sumaku ambamo plazima imesongamana kuliko kandokando. Wimbi linaloelekea kutoka hupindwa likarudishwa ndani, mithili ya maji katika mfereji.

Mabomu ya mwaka 1945 yaliteketeza taasisi ya Barkhausen mjini Dresden, naye akarudi kuijenga upya. Alifariki tarehe 20 Februari 1956.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Barkhausen hakulazimisha jibu, wala hakuona haya kuchapisha fumbo. Laiti angalinyamaza, waliomfuata wangalikosa pa kuanzia. Mtafiti chipukizi na azingatie hilo: swali lililoandikwa kwa uaminifu nalo ni mchango.