Frank Whittle na milimita moja

Safari hii tunawaletea maisha ya Frank Whittle, fundi wa Uingereza aliyejenga moteri ya ndege isiyo na helisi.

Alizaliwa mwaka 1907 katika muji wa Coventry. Baba yake alikuwa fundi wa mashini. Alipotaka kuingia jeshi la anga, walimukataa kwanza juu ya mwili wake mudogo. Hakuchoka, na katika 1923 akapokelewa kujifunza ufundi. Katika 1930 aliandikisha wazo lake: moteri inayosukuma ndege kwa hewa ya moto. Wakubwa hawakulijali. Katika 1935 alikosa paundi 5 za kulipia tena haki ya wazo lile, ikapotea.

Sasa tujiulize, ugumu ulikuwa wapi? Ndani ya moteri kuna gurudumu linaloitwa turbini, lenye mapanga madogo ya chuma pembeni. Kati ya ncha za mapanga na kifuniko kunabaki nafasi ndogo, mara nyingi haifiki milimita moja. Nafasi ikipanuka, hewa inatoroka bure na nguvu inapungua. Ikiwa ndogo mno, chuma kikipata moto kinarefuka, na panga linagusa kifuniko. Linakwaruza, linalika, na mwisho linaweza kukatika. Moja likikatika, vipande vyake vinavunja mengine.

Moteri yake ilizunguka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1937. Tarehe 6 Mei 1938 turbini ikavunjika vibaya. Fedha zilikuwa kidogo, lakini Whittle na wenzake walijenga tena. Walibadilisha namna ya kushika mapanga, mizizi yake ikachongwa meno ili yasichomoke. Wakatafuta pia vyuma vya nikeli visivyolegea upesi katika moto. Baadaye mafundi waliongeza mara nyingi kobalti, ile madini ya kwetu Katanga.

Wajerumani walimutangulia kuruka katika 1939. Ndege yake yeye iliruka Cranwell tarehe 15 Mei 1941, dakika 17. Lakini kazi ile ilikula afya yake, hata katika 1948 akaacha jeshi juu ya ugonjwa. Mwaka ule ule mufalme alimupa cheo cha heshima. Alikufa Marekani katika 1996.

Basi, ndugu wanafunzi, mwalimu akitukatia pointi juu ya milimita moja katika jometri, tusinunike. Milimita ile ile ndiyo inashika ndege juu.