Falcone: Hakimu aliyeifuata fedha ya Mafia nje ya mipaka

GIOVANNI Falcone aliuawa akiwa na umri wa miaka 53, na waliomuua walilazimika kulipua barabara kuu nzima kwa mamia ya kilo za baruti ili wawe na hakika kwamba hatoki mzima. Kwa mtu aliyekuwa hakimu tu, asiye na jeshi wala chama cha siasa, hicho ni kipimo tosha cha hofu aliyowatia.

Alizaliwa Mei 18, 1939 mjini Palermo, katika kisiwa cha Sicily, kusini mwa Italia. Mtaa wake wa Kalsa ulikuwa mmoja wa ile ambayo mtoto wa mtumishi wa umma na mtoto atakayekuja kuwa jambazi walicheza uwanja mmoja. Paolo Borsellino, aliyekuja kuwa hakimu mwenzake na rafiki wa kufa na kuzikana, ni mtoto wa mtaa huo huo.

Falcone alisoma sheria Palermo, akahitimu 1961 na kuanza uhakimu 1964. Baada ya miaka mingi Trapani alihamia Palermo mwaka 1978, akapangiwa kwanza mashauri ya kufilisika kwa makampuni. Wengi wangeiona kazi hiyo kuwa ya kuchosha. Yeye ndiko alikojifunza kusoma vitabu vya hesabu na taarifa za benki.

Elimu hiyo ilipata kazi mwaka 1980, mkuu wake Rocco Chinnici alipomkabidhi jalada la mkandarasi wa majengo, Rosario Spatola, aliyekuwa na jamaa katika magenge ya New York. Enzi hizo mofini ilitoka Uturuki, ikageuzwa heroini Sicily na kuuzwa Marekani. Polisi walihangaika kukamata mzigo. Falcone aliona kuwa unga ukishatumiwa hauachi alama, lakini dola za mauzo lazima zirudi, na zikirudi zitapita katika dirisha la benki. Akawataka mameneja wa mabenki ya Palermo wampe kumbukumbu za ubadilishaji wa fedha za kigeni, akaketi kupekua hundi moja baada ya nyingine.

Hundi hizo hazikuishia Sicily. Hapo ndipo penye kiini cha maisha yake. Kwa mahakama za wakati ule mpaka wa nchi ulikuwa ukuta: ombi la ushahidi lilipita wizarani na ubalozini, na jibu liliweza kufika wakati mshukiwa ameshahama na akaunti imeshafungwa. Mafia waliujua ukuta huo kuliko mahakimu wenyewe. Falcone hakukaa kusubiri barua. Desemba 1980 alipanda ndege kwenda New York, akaketi meza moja na waendesha mashitaka wa huko na maofisa wa FBI, wakaonyeshana majalada.

Ushirikiano huo ulichangia kesi iliyojulikana kama Pizza Connection, kuhusu heroini iliyosambazwa Marekani kwa mgongo wa maduka ya piza. Mmoja wa vigogo wake, Gaetano Badalamenti wa Sicily, alikamatwa Madrid, Hispania, Aprili 1984 na kuhukumiwa New York. Uhalifu ulivuka nchi tatu, na sheria nayo ikavuka.

Mwaka huo huo Falcone alisafiri hadi Brazil kumhoji Tommaso Buscetta, mtu wa Mafia aliyekuwa amekimbilia huko, ambaye ndugu zake waliuawa baadaye. Buscetta alirudishwa Italia Julai 1984, akavunja mwiko wa kunyamaza na kueleza muundo mzima wa Mafia.

Chinnici hakuyaona hayo. Alikuwa ameuawa kwa bomu Julai 1983. Falcone na Borsellino walihamishiwa na familia zao kisiwa cha Asinara ili waandike hati ya mashitaka kwa usalama, na walipomaliza serikali ikawaletea ankara ya malazi yao. Februari 10, 1986 kesi ilianza katika ukumbi wa zege uliojengwa kando ya gereza la Ucciardone, ikiwa na washitakiwa 475. Ilipomalizika Desemba 1987, zaidi ya 300 walitiwa hatiani, 19 kati yao wakifungwa maisha.

Mtu angetarajia apandishwe cheo. Januari 1988 baraza la mahakimu lilimnyima ukuu wa ofisi yake na kumpa mwingine kwa kigezo cha miaka kazini. Kikulacho ki nguoni mwako. Juni 1989 baruti ilikutwa kwenye miamba ya nyumba aliyopanga Addaura, siku alipokuwa na wageni kutoka Uswisi waliokuwa wakichunguza naye fedha zilizofichwa huko. Wako waliodiriki kunong'ona kuwa ameitega mwenyewe. Mmoja wa wageni hao, Carla Del Ponte, baadaye alikuwa mwendesha mashitaka mkuu wa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha.

Mwaka 1991 Falcone alihamia Wizara ya Sheria mjini Roma. Januari 1992 mahakama ya juu ilithibitisha hukumu za ile kesi kubwa, na Aprili alikuwa Vienna katika kikao cha kwanza cha Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia uhalifu, akihimiza nchi zishirikiane. Mei 23, 1992 aliuawa Capaci, nje ya Palermo, pamoja na mkewe Francesca Morvillo, naye hakimu, na askari watatu wa ulinzi. Borsellino aliuawa Julai 19.

Desemba 2000 mataifa yalikutana Palermo kutia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka. Kenya ilijiunga 2004, Tanzania ikauridhia 2006. Ibara yake ya 18 inazikataza nchi wanachama kunyimana ushahidi kwa kisingizio cha siri za benki.