Padre Cecil Majaliwa wa Kiungani

Padre Cecil Majaliwa alikuwa Myao wa bara. Angali mtoto alikamatwa, akauzwa utumwani, akafikishwa Unguja. Huko alikombolewa, akalelewa na Misheni ya UMCA katika shule ya Mtakatifu Andrea, Kiungani. Wenzake walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja na lugha yake na jeraha lake. Walilala bweni moja, wakasoma kwa Kiswahili, wakasali pamoja.

Baadaye alisoma Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akapelekwa Chitangali, upande wa kusini, kwa Wayao. Mtu aliyeibwa utotoni angeweza kuiogopa bara ile. Yeye alikwenda, akafundisha na kuhubiri. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni hiyo.

Mwaka 1925 shule ya Kiungani ilihamia Minaki, Kisarawe, katika mkoa wetu huu wa Pwani.

Wazazi wa Salale, tunapompeleka mtoto bwenini, tusimwonye ajitenge na watoto wa makabila mengine. Tumwombee ajifunze kukaa nao kama Majaliwa, kisha arudi kuwatumikia watu wake.