John Wallis na Kanuni ya "Shall" na "Will"

Mwalimu wa Kiingereza hukutana mapema na vitenzi visaidizi "shall" na "will", pamoja na kanuni yake inayowasumbua wanafunzi. Aliyeieleza kanuni hiyo kwa utaratibu alikuwa mtaalamu wa hisabati.

John Wallis alizaliwa Ashford, Kent, Uingereza, mwaka 1616. Baba yake, aliyekuwa kasisi, alifariki mwaka 1622. Shuleni alisoma Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Hesabu alifundishwa nyumbani na mdogo wake, aliyekuwa akijiandaa kwa biashara. Mwaka 1649 akawa profesa wa jiometri huko Oxford, na mwaka 1655 akachapisha alama ya ∞ kwa kitu kisicho na kikomo.

Mwaka 1653 Wallis alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza. Alikiandika kwa Kilatini, kwa kuwa aliwakusudia wageni. Aliwalaumu waandishi waliomtangulia kwa kukilazimisha Kiingereza kifuate sarufi ya Kilatini. Alieleza kwamba katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu, na "will" huahidi au hutisha. Katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka. Hivyo aliwaonyesha wageni kwamba kitenzi kisaidizi hubeba nia ya msemaji pamoja na wakati wa tendo.

Wallis alifariki mwaka 1703. Katika karne iliyofuata, waandishi wa vitabu vya shule waliyageuza maelezo yake kuwa sheria ya kukaririwa. Mwaka 1925 Mmarekani Charles Fries alichunguza tamthilia za Kiingereza za karne kadhaa, akaona kuwa matumizi ya watu hayakuwa yameifuata sheria hiyo.

Hapa pana funzo kwetu. Katika Kiswahili, kiambishi "-ta-" hutosha kwa yote mawili: "nitakuja" yaweza kuwa taarifa au ahadi, na msikilizaji hutambua kwa mazingira na sauti. Mtoto aliyezoea hivyo hasaidiwi na jedwali la nafsi ubaoni. Mwalimu na aanze na tukio: mmoja abebe mzigo mzito, mwenzake ajitolee kumsaidia, kisha wengine watazame mawingu na kutabiri mvua. Darasa likishatambua nani anaahidi na nani anatabiri, ndipo maneno ya Kiingereza yaletwe. Wallis alianza na maana. Aliyekaririsha kanuni yake bila maana aliacha sehemu iliyo bora.