Clarence Darrow na Elimu ya Kusoma Nyoyo

Ipo sanaa moja ya mahakamani ambayo sisi Wakenya hatukupata kuizoea, nayo ni ya wakili kuwachagua watu watakaoamua kesi yake. Enzi za ukoloni, juri hapa nchini liliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, na hata wazee hao waliondolewa kisheria mwaka wa 2007. Nchini Marekani, raia wa kawaida, aghalabu kumi na wawili, ndio wanaokata shauri iwapo mshtakiwa ana hatia. Kabla ya kuapishwa wao huhojiwa, na kila upande una ruhusa ya kuwakataa baadhi yao pasipo kutoa sababu.

Kila nikiitafakari sanaa hiyo, humkumbuka Clarence Darrow. Alizaliwa Ohio tarehe 18 Aprili 1857, mwana wa seremala aliyechukia utumwa. Kabla ya kuwa wakili alifundisha shule ya kijijini, na labda ndiko alikoanza kuzisoma nyuso za watu. Mwaka wa 1887 alihamia Chicago, akaajiriwa na kampuni ya reli. Hata hivyo, mwaka wa 1894 aliiacha kazi hiyo ili amtetee Eugene Debs, kiongozi wa wafanyakazi wa reli waliogoma.

Darrow aliamini kwamba mtu huamua kwanza kwa moyo, kisha akili hutafuta sababu. Kwa hivyo, alipowahoji waamuzi, alitaka kujua dini yao, kazi yao, asili yao, na iwapo wanajua kucheka. Mwaka wa 1936 aliyaeleza hayo katika jarida la Esquire. Aliwapendelea watu wa asili ya Ireland kwa kuwa aliwaona wepesi wa huruma, akawaogopa matajiri na wafuasi wa madhehebu yenye msimamo mkali. Mwaka wa 1924, alipowatetea vijana wawili wa Chicago waliomuua mtoto, aliwashauri wakiri kosa ili kesi iamuliwe na jaji peke yake. Alijua kuwa watu kumi na wawili hugawana mzigo wa kumtuma mtu kitanzini, lakini jaji mmoja huubeba wote. Vijana hao waliponea, wakafungwa maisha.

Elimu hiyo ni kisu chenye makali kuwili. Mwaka wa 1912 Darrow mwenyewe alishtakiwa Los Angeles kwa kujaribu kumhonga mwamuzi wa juri. Katika kesi ya kwanza aliachiliwa. Katika ya pili, mwaka wa 1913, juri lilishindwa kuafikiana. Ukweli wa jambo hilo ungali unabishaniwa na wanahistoria.

Kesi ninayoiona kuwa kilele cha maisha yake ni ya Detroit. Mnamo Septemba 1925, daktari mweusi, Ossian Sweet, alihamia mtaa wa Wazungu. Umati uliizingira nyumba yake na kuirushia mawe. Risasi zikafyatuliwa kutoka ndani, Mzungu mmoja akafa, na watu weusi kumi na mmoja wakashtakiwa kwa mauaji. Waamuzi wote walikuwa wanaume Wazungu. Kwa mizani ya Darrow mwenyewe ya kuwapima watu kwa asili yao, kesi ilikuwa imeshapotea. Hata hivyo, aliwataka waigeuze kesi vichwani mwao: lau waliozingirwa wangekuwa Wazungu, je, wangeshtakiwa? Juri la kwanza halikuafikiana. Mwezi wa Mei 1926 juri la pili, nalo la Wazungu watupu, lilimwachilia Henry, nduguye daktari, na hatimaye mashtaka dhidi ya wengine yakafutwa.

Mwaka wa 1932 huko Honolulu mambo yalimgeukia. Aliwatetea Wazungu wanne walioshtakiwa kwa kumuua mwenyeji wa Hawaii, na juri la watu wa asili mbalimbali likawatia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Darrow alifariki tarehe 13 Machi 1938.

Tangu miaka ya 1970, wataalamu wa saikolojia na elimu ya jamii wamewasaidia mawakili wa Marekani kuchagua juri kwa kura za maoni na hesabu. Mnamo 1986 Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo ilipiga marufuku kumkataa mwamuzi kwa sababu ya rangi yake, na mwaka wa 1994 ikakataza ubaguzi wa jinsia.

Kwa maoni yangu, Darrow alikosea alipowagawa watu kwa makundi, akapatia aliposema na kila mmoja kama mwenye dhamiri yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nao ubaya wa nje huweza kuficha wema. Walimu wenzangu, sisi pia ni waamuzi. Mara ngapi tunasoma jina katika daftari la mahudhurio, tukabaini kabila na kijiji, na kumhukumu mtoto hata kabla hajafungua kinywa? Wanafunzi nao wasicheke, kwani huwapima walimu wapya vivyo hivyo. Waamuzi wale wa Detroit walivuka mpaka waliowekewa na asili yao. Nasi tumpe kila mtu nafasi ya kuuvuka wake.