Marie Curie, mama wa radiumu

Sisi batumikaji wa migodi ya Katanga tunajua neno radiumu tangu wakati wa wazee wetu, juu ya Shinkolobwe. Lakini mwenye kuivumbua alikuwa mwanamke wa mbali, Marie Curie.

Alizaliwa Warsaw, Polandi, mwaka 1867. Kule wanawake hawakupokelewa ku iniversite, njo maana mwaka 1891 alikwenda kusoma Paris. Mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwalimu wa fizika, na mwaka 1898 wakavumbua poloniumu na radiumu. Mawe yao ilitoka Bohemia. Ndani ya hangari mbovu, Marie alichemsha tani za mawe, akikoroga na fimbo ya chuma, mpaka akapata radiumu kidogo sana. Alipata zawadi ya Nobel mara mbili, 1903 na 1911. Kuanzia 1922, radiumu ya Shinkolobwe ikatengenezwa Olen, Ubelgiji.

Marie alizoea kubeba vichupa vya radiumu mufukoni. Walijua inachoma ngozi. Yenye inafanya ndani ya mwili, hawakuijua sawasawa.

Leo tunaijua. Radiumu inafanana na kalsiumu. Ukiimeza ao ukiivuta na vumbi, mwili unadanganyika, unaweka sehemu yake ndani ya mifupa. Pale inatupa vipande vidogo vinavyoitwa alfa. Inje ya mwili, hata karatasi inavizuia. Ndani, havifiki hata sehemu ya kumi ya milimita moja: nguvu yote inaishia mu seli za jirani. Vinakata ADN, yenye kubeba maagizo ya seli. Seli inakufa, ao inajitengeneza vibaya, na kisha miaka mingi inaweza kuzaa kansa.

Marie alikufa tarehe 4 Julai 1934. Mafuta ya ndani ya mifupa, yenye kutengeneza damu, ilishindwa kazi. Minganga walisema ni miale ya miaka mingi. Binti yake Irène, naye mutaalamu wa kazi ile, alikufa na kansa ya damu mwaka 1956.

Wandugu, radiumu inafuata uraniumu, na uraniumu iko vilevile ndani ya mawe fulani ya shaba na kobalti. Kupima miale ya inje peke yake haitoshe. Tukiomba vumbi ipimwe, maski nzuri, na maji ya kunawa mbele ya kula, hatuombe zawadi. Tunaomba mifupa yetu.