Karume, Kandanda na Nchi Isiyo na Kiti

Jioni ya Jumapili, Desemba 17, 2017, niliziweka kando karatasi za mtihani nilizokuwa nikizisahihisha nyumbani kwangu Ruiru, nikaenda katika hoteli moja karibu na stesheni ya reli ambako wapenzi wa kandanda walikuwa wamejazana mbele ya runinga. Harambee Stars ilikuwa ikichuana na Zanzibar mjini Machakos katika fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA. Kando yangu aliketi mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa amepanga chumba Thika na ambaye alikuja kwa matatu akiwa amevalia jezi ya timu ya kwao. Katika ukumbi ule mzima ni yeye peke yake aliyeruka kutoka kitini Khamis Makame alipoisawazishia Zanzibar mara ya kwanza, na akaruka tena aliposawazisha mara ya pili katika muda wa ziada. Mechi iliishia mabao 2-2. Kenya ikashinda kwa mikwaju ya penalti 3-2, na hoteli ikalipuka kwa shangwe.

Zogo lilipopungua, mzee mmoja aliyekuwa meza ya jirani aliuliza swali la haki kabisa. Timu hii ilikuwa imeilaza Tanzania Bara 2-1, ikaitoa Uganda katika nusu fainali mjini Kisumu, na sasa imetutoa jasho sisi wenyewe. Mbona basi hatuioni katika mechi za kuwania Kombe la Dunia? Mwanafunzi wangu alitazama chini, kisha akataja jina moja tu: Karume. Mzee alidhani anatajiwa uwanja wa mpira. Hakukosea sana, kwa kuwa uwanja wa Karume uko Dar es Salaam, na shirikisho la soka la Tanzania limekuwa na ofisi zake hapo. Hata hivyo, kijana alikuwa akimtaja mtu. Nimemfikiria mtu huyo mara nyingi tangu jioni ile, na ningependa msomaji amfikirie pamoja nami.

Abeid Amani Karume alizaliwa 1905. Historia rasmi ya Visiwani inasema alizaliwa Mwera, Unguja. Wapinzani wake wa kisiasa walidai baadaye kwamba asili yake ilikuwa Nyasa, na kwamba hakuwa na haki ya kuwasemea Wazanzibari. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili, maana mtu aliyeulizwa maisha yake yote kama kweli ni wa pale ndiye aliyekuja kuamua Zanzibar iwe nchi ya namna gani.

Masomo yake ya darasani yalikuwa machache. Akiwa bado kijana aliingia baharini, akafanya kazi katika meli za mizigo kwa miaka mingi na kuziona bandari za mabara kadhaa. Sisi wasomi tuna kasoro ya kuidharau elimu ya aina hii. Baharia huishi na watu wa lugha kumi katika chumba kimoja, hujifunza kuamrishwa na kuamrisha, na hugundua mapema kwamba bendera inayopepea mlingotini huamua ni bandari gani itampokea na ni ipi itamkatalia. Aliporejea nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1930, alijiunga na wenzake katika shughuli ya mashua za kuvusha abiria kati ya meli na nchi kavu. Akawa kiongozi wa watu wa bandarini, na ushawishi wake ulianzia huko kabla ya kufika kwenye jukwaa la siasa.

Kulikuwa pia na mpira. Unguja ya wakati wa Waingereza ilikuwa na kichaa cha kandanda, na viwanja vya Mnazi Mmoja vilikuwa mahali ambapo mtumishi na bwana wake waliweza kukutana kwa dakika 90 chini ya sheria zilezile. Karume alikuwa mpenzi wa mchezo huo na mmoja wa watu wa African Sports Club, klabu ya wakazi Waafrika wa mjini. Katika kundi hilohilo la wanamichezo ndimo ilimochipuka African Association, miaka ya mwanzo ya 1930. Kwa hiyo chama kilichokuja kuzaa Afro-Shirazi kilikuwa na ukoo mmoja na timu ya mpira. Asiyelifahamu jambo hili atashangaa kwa nini Wazanzibari huizungumzia timu yao kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kuzungumzia katiba.

Mwaka 1949 Zanzibar iliingia katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda na kupewa jina la kampuni ya sabuni. Haikulitwaa kombe hilo hata mara moja. Oktoba 1961 ilifungwa na Kenya mabao 10 kwa bila mjini Nairobi, kipigo ambacho wazee wetu wa huku walikikumbuka kwa kicheko. Wenyewe hawakuwa na la kuchekea mwaka ule. Uchaguzi wa Juni ulikuwa umezua ghasia zilizoua watu 68, na kisiwa kilikuwa kimegawanyika mitaani, misikitini na vilabuni.

Siasa za miaka hiyo nitazipitia upesi. Karume alikuwa rais wa Afro-Shirazi tangu kilipoundwa 1957, akamshinda Ali Muhsin Barwani huko Ng'ambo katika uchaguzi wa mwaka huohuo, kisha akashuhudia chama chake kikipata zaidi ya nusu ya kura mnamo Julai 1963 na bado kikakosa serikali, kwa sababu viti 13 kati ya 31 havikutosha. Uhuru ulikuja Desemba 10, 1963. Haukutimiza hata wiki tano. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliuangusha utawala wa Sultani, damu nyingi ikamwagika, na Karume akawa rais.

Sasa nafika pale ambapo maisha ya mtu huyu yanakutana na swali la mzee wa Ruiru. Aprili 22, 1964, Karume na Julius Nyerere walitia saini Hati za Muungano, na siku nne baadaye nchi mbili zikawa jamhuri moja. Hati hizo ziliorodhesha mambo 11 ya Muungano: ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, forodha na mengineyo. Michezo haikuwamo. Yaliyokuwamo ni mambo ya nje.

Kwa mtu wa lugha kama mimi, hapa ndipo penye fundo. Kwa kuwa michezo haikutajwa, Zanzibar ilibaki na chama chake cha mpira, ligi yake, jezi yake na nafasi yake katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati. Kwa kuwa mambo ya nje yalitajwa, mbele ya ulimwengu ikabaki sauti moja, ile ya Tanzania. Hata jina hilo lenyewe, lililoanza kutumika Oktoba 1964, limeihifadhi Zanzibar kwa silabi moja katikati. Ndani ya nyumba Zanzibar ni nchi. Mlangoni ni mkoa. Sidhani kuna mtu aliyekumbuka mpira siku ile ya saini, wala sioni kwa nini wangeukumbuka. Karume alikuwa na hofu kubwa zaidi, ya kupinduliwa kama alivyopinduliwa mwenzake. Kama kilichomsukuma ni hofu hiyo au ni imani yake katika umoja wa Afrika, watu watabishana hadi kiama. Mimi naona vyote viwili viliushika mkono uleule ulioshika kalamu.

Alitawala miaka minane. Aligawa ardhi kwa wakulima, eka tatu kwa kila mgao. Alifungua shule na hospitali bila ada, na akaanzisha majumba ya ghorofa ya Michenzani, marefu kama magari ya moshi yaliyoegeshwa. Mwaka 1970 ulifunguliwa Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China, miaka 17 kabla ya sisi kupata wetu wa Kasarani kwa msaada wa nchi hiyohiyo. Kisiwa kidogo chenye kiwanja kikubwa kuliko mahitaji yake: baharia yule wa zamani alijenga kana kwamba alitarajia wageni kutoka mbali.

Lakini itakuwa khiyana kuishia hapo. Katika miaka hiyo minane hapakuwa na uchaguzi hata mmoja. Watu walikamatwa usiku wasirudi. Wenzake wa mapambano, Abdullah Kassim Hanga na Othman Shariff, waliuawa 1969. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na dunia ikasikia. Wapo wanaotaka tumkumbuke kwa Michenzani na Amaan tu, na wapo wanaotaka tumkumbuke kwa vilio vya usiku tu. Siwezi kumpunguza mtu hadi abaki nusu ili anitoshee. Aprili 7, 1972 alipigwa risasi katika makao ya chama chake, Kisiwandui, na mwanajeshi ambaye baba yake alikuwa amefia mikononi mwa utawala huo. Alizikwa hapohapo.

Timu ya vijana ya Zanzibar huitwa Karume Boys. Timu ya wakubwa ilitwaa Kombe la Chalenji 1995 nchini Uganda, na huo ndio umekuwa upeo wake katika kombe hilo. Machi 16, 2017, mjini Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili wa 55. Watu walisherehekea mitaani Unguja na Pemba. Julai mwaka huohuo, mjini Rabat, CAF ilijirudi na kusema kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Uanachama ule ulidumu miezi minne, na kikosi kilichokuja kwetu Desemba kilikuja na kidonda hicho kibichi.

Jibu la Rabat lingenitosheleza kama dunia ya kandanda ingekuwa na kipimo kimoja. Uingereza ni dola moja, lakini Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina viti vyao FIFA kwa sababu zilitangulia kufika. Visiwa vya Faroe vina watu wapatao 54,000, viko chini ya Denmark, na vimekuwa mwanachama wa FIFA tangu 1988. Gibraltar ilipenya 2016 baada ya kwenda mahakamani. Zanzibar ilihesabiwa watu 1,889,773 katika sensa ya 2022. Nao wenzetu wa Bara hawakusema uongo waliposhikilia kwamba jamhuri ni moja. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilieleza Bunge kwamba Zanzibar si nchi, na ghadhabu iliyozuka ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotangulia marekebisho ya katiba ya Zanzibar ya 2010, yaliyoiandika wazi kuwa nchi. Miaka yangu ya kufundisha sijaona neno la silabi mbili likibeba mzigo mzito kiasi hicho. Mwanafunzi wangu aliniambia kwamba fomu zote alizojaza Thika zilimtaka aandike uraia, akaandika Mtanzania bila kinyongo. Hakuna fomu iliyowahi kumwuliza anashangilia timu gani.

Tulipotoka hotelini usiku ule wa 2017, honi za matatu zilikuwa zikipigwa kusherehekea ushindi wetu. Nilimsindikiza hadi kituoni. Alinieleza kwamba babu yake alikuwa kuli wa bandarini aliyempenda Karume, na kwamba ndugu wa bibi yake alikuwa mmoja wa wale ambao hawakurudi. Nyumbani kwao jina hilo halitajwi wakati wa chakula, ila mechi ya Heroes inapotangazwa redioni wote hukaa chumba kimoja. Gari la Thika likafika, akapanda.

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda zilishirikiana kuandaa michuano ya CHAN. Tarehe 10 nilikuwa Kasarani, Kenya ikiilaza Morocco bao 1-0, na nilirudi Ruiru kwa miguu sehemu ya njia kwa sababu magari yalikuwa yamefurika. Siku mbili baadaye nilipokea picha kutoka Unguja. Ilikuwa imepigwa Amaan, ule uwanja wa Karume uliokarabatiwa na kufunguliwa upya 2023, usiku ambao Sudan iliichapa Nigeria mabao 4-0. Afrika ilikuwa imefika hapo hatimaye, timu baada ya timu, isipokuwa ya wenyeji. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, alikuwa amesimama jukwaani akiwa na mwanawe mabegani. Mtoto alikuwa amevaa jezi ya Heroes, iliyomfika magotini.